Shahada ya sheria katika nchi jirani: ni ipi humfikisha mwanafunzi kwenye joho la uwakili?

Binti mmoja wa Nyamirambo, aliyemaliza mwaka wa sita wa sekondari, ametuandikia akiuliza swali ambalo kwa maneno mengine limekwisha kutufikia kutoka Rubavu na Rusizi. Mjomba wake anaishi Dar es Salaam na yuko tayari kumpa chumba. Shangazi yake yuko Nairobi naye amesema vivyo hivyo. Baba yake, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akiweka akiba ya kununua kiwanja, amekubali fedha hizo ziende kwenye ada. Binti huyo anataka kuwa wakili, na anataka kusimama katika mahakama za Kigali. Asome sheria wapi?

Familia nyingi huanza kwa kuchagua chuo, kisha nchi, na suala la mahakama huachwa mpaka siku ya mahafali. Uzoefu wa waliotangulia unaonyesha kwamba mpangilio huo unapaswa kugeuzwa. Anayejua ni mahakama gani atakayosimama mbele yake anaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua: nani anayewaapisha mawakili wa mahakama hiyo, wanataka cheti gani cha mafunzo ya vitendo, na cheti hicho kinampokea mwenye shahada gani. Asiyejua hilo huweza kutumia miaka minne na akiba ya kiwanja kupata karatasi yenye heshima kubwa katika nchi nyingine.

Sisi tunaofasiri habari tunakutana na chanzo kimoja cha mkanganyiko huu kila siku. Katika Kinyarwanda, umunyamategeko ni mtu aliyesomea sheria, na avoka ni yule aliyeruhusiwa kumtetea mtu mwingine mahakamani. Kiswahili nacho kina mwanasheria na wakili, na tofauti ni ile ile. Lakini katika mazungumzo ya nyumbani maneno haya mawili hubadilishana nafasi bila mtu kujali, na mzazi anayesikia kwamba chuo fulani “kinatoa wanasheria” huelewa kwamba kinatoa mawakili. Hakuna chuo kikuu hata kimoja katika ukanda huu kinachotoa wakili. Vyuo vikuu hutoa shahada. Uwakili hutolewa baadaye, mahali pengine, kwa mtihani mwingine na kwa ada nyingine.

Jambo la pili la kulifahamu kabla ya kuvuka mpaka ni kwamba sheria za nchi zinazotuzunguka zinatoka katika koo mbili. Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi mfumo wa Kiingereza, ambamo hukumu za mahakama za juu huzifunga mahakama za chini, na mwanafunzi hutumia muda mrefu kusoma kesi zilizokwisha kuamuliwa na kutafuta ndani yake kanuni iliyofichika. Burundi na Kongo zilirithi mfumo wa Kibelgiji wenye mizizi Ufaransa, ambamo msingi ni sheria iliyoandikwa na kupangwa ibara kwa ibara, na mwanafunzi hufundishwa kuanza na ibara. Rwanda ilitoka katika ukoo huu wa pili, kisha kwa miaka mingi imekuwa ikichukua mengi kutoka ukoo wa kwanza, hasa baada ya kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Jumuiya ya Madola mwaka 2009. Kwa hiyo mhitimu wa Dar es Salaam na mhitimu wa Bujumbura wanapokutana Kigali, kila mmoja anakuwa na nusu ambayo mwenzake hana.

Historia ya ukoo wa kwanza inaanzia Dar es Salaam. Chuo kikuu cha mji huo kilifunguliwa mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na vijana wa Kenya na Uganda walikwenda kusoma huko kabla Kampala na Nairobi hazijawa na vitivo vyake. Majaji na mawaziri kadhaa wa nchi hizo tatu walikaa katika madarasa yale yale. Huenda ndiyo sababu wazee wengi bado wanaamini kwamba shahada ya Dar es Salaam inafungua mlango popote katika eneo hili. Wakati ule imani hiyo ilikuwa na msingi. Siku hizi kila nchi imejenga lango lake.

Lango la Tanzania ni Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo Watanzania wengi huiita kwa kifupi Law School. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Mwenye shahada ya sheria, ambayo huchukua miaka mitatu au minne kulingana na chuo, hupita hapo kujifunza kuandika hati za madai, kuhoji mashahidi, kutunza fedha za mteja na maadili ya kazi, na hupelekwa kwa muda katika ofisi na mahakama. Akifaulu ndipo huweza kuomba kuapishwa na Jaji Mkuu na jina lake kuingizwa katika daftari la mawakili.

Neno la kuzingatia hapo ni “akifaulu”. Oktoba 2022 matokeo ya taasisi hiyo yaliitikisa Tanzania nzima: kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 waliondolewa. Serikali iliunda kamati iliyoongozwa na Dk Harrison Mwakyembe, mwanasheria na waziri wa zamani, ili kuchunguza chanzo. Katika mjadala uliofuata wapo waliovilaumu vyuo vikuu kwa kupokea na kuhitimisha wanafunzi wasioiva, na wapo waliolalamikia jinsi taasisi yenyewe inavyofundisha na kutahini. Kwa mzazi aliye Kigali, takwimu hizo zina maana moja ya vitendo. Bajeti ya uwakili wa Tanzania haiishii kwenye mahafali ya chuo kikuu, na haifai kukadiriwa kana kwamba mwaka mmoja wa ziada utatosha kwa kila mtu.

Kuna jambo moja linaloifanya Tanzania iwe na mvuto wa pekee kwa wasikilizaji wetu. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Muda mfupi kabla ya Bunge kuchukua hatua hiyo, Rais John Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akimsifu hadharani kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Wengi huku kwetu walifurahi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Hata hivyo mwanafunzi asidanganyike: sehemu kubwa ya vitabu, ripoti za kesi na mihadhara ya chuo kikuu bado iko kwa Kiingereza, na huo ndio unaomtofautisha anayefaulu na anayerudia. Kiswahili kizuri kitamsaidia mbele ya mteja na mbele ya hakimu. Katika chumba cha mtihani atahitaji lugha zote mbili.

Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na daftari lake la mawakili, jambo ambalo wageni hulisahau wanapodhani kwamba wakili wa Bara ni wakili wa Visiwani moja kwa moja. Chuo Kikuu cha Zanzibar, chenye kitivo cha sheria na sharia, kimewavutia vijana wa Kiislamu wa ukanda huu wanaotaka elimu zote mbili. Mchanganyiko huo una thamani halisi mahali penye mahakama za kadhi, yaani Zanzibar kwenyewe na Kenya, ambako katiba inamtaka kadhi awe Mwislamu mwenye ujuzi wa sheria ya Kiislamu inayohusu waumini. Rwanda haina mahakama za namna hiyo, na mahakama za Kigali hazitampa mhitimu nyongeza yoyote kwa nusu hiyo ya shahada yake.

Kenya ina lango kali zaidi, na ukali wake umejificha mahali ambapo mgeni hapaangalii. Sheria mbili za mwaka 2012 ziligawanya kazi: Chuo cha Sheria cha Kenya kilichoko Karen, Nairobi, kinafundisha mafunzo ya uwakili, na Baraza la Elimu ya Sheria linatoa ithibati kwa vyuo na kusimamia mtihani. Masomo ni tisa. Katika kila somo, alama 40 kati ya 100 hutokana na kazi ya mradi na mtihani wa mdomo, na 60 hutokana na mtihani wa maandishi. Baada ya hapo kuna miezi sita ya unagenzi chini ya wakili mzoefu.

Ukali uliojificha unahusu matokeo ya sekondari. Sharti linalotajwa katika jedwali la sheria ni wastani wa C+ katika mtihani wa taifa wa sekondari, pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili, au kiwango kinacholingana na hicho kwa waliosoma nje. Wako Wakenya waliopata alama za chini, wakaanza na stashahada, wakapanda mpaka chuo kikuu, wakapata shahada nzuri ya sheria, halafu wakafika Karen na kuambiwa kwamba cheti chao cha sekondari hakitoshi. Walikwenda mahakamani, na kesi za aina hiyo zimeendelea kwa miaka, mahakama moja ikisema hivi na nyingine vile. Shahada yao hakuna aliyeipinga. Kilichowakwamisha ni cheti walichokipata wakiwa na miaka 18, ambacho wengine walikuwa wamekwisha kukisahau ndani ya sanduku.

Kwa mwanafunzi wa Rwanda mambo mawili yanaongezeka. Kwanza, cheti chake cha sekondari lazima kilinganishwe rasmi na cha Kenya, na ulinganisho huo ufanyike kabla ya kuanza shahada, maana hapo ndipo atakapojua kama alama zake zinafika. Pili, Sheria ya Mawakili ya Kenya ina sharti la uraia, na nafasi ya Wanyarwanda na Warundi katika sharti hilo imekwisha kufikishwa mahakamani. Chuo kumpokea mwanafunzi wa kigeni ni jambo moja; nchi kumruhusu kufanya kazi ya uwakili ni jambo jingine kabisa, na anayepokea ada hana wajibu wa kukukumbusha.

Uganda ndiyo njia ambayo vijana wengi wa Rwanda wanaijua, kwa ukaribu wake na kwa kuwa familia nyingi ziliishi huko. Shahada ni miaka minne, na Chuo Kikuu cha Makerere huwapima waombaji wa sheria kwa mtihani wake cha kuingilia, juu ya matokeo ya sekondari. Lango la uwakili ni Kituo cha Maendeleo ya Sheria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1970 mjini Kampala na ambacho sasa kina matawi Mbarara na Lira. Mafunzo yake ya takriban miezi tisa yana sifa ya kuwaangusha wengi. Msafara hauendi upande mmoja tu, kwani taasisi yetu ya Nyanza nayo imepokea wahitimu kutoka Uganda na kwingineko waliotafuta mafunzo ya vitendo huku.

Magharibi na kusini, maswali yanabadilika. Anayesoma Bukavu, Goma au Bujumbura anasoma kwa Kifaransa, na mfumo anaoukuta uko karibu zaidi na misingi ya zamani ya sheria ya Rwanda. Tahadhari iko katika neno moja, lisansi. Katika mfumo wa zamani wa Kongo mwanafunzi alipata kwanza digrii ya miaka mitatu, kisha lisansi baada ya miaka miwili zaidi, jumla mitano. Mfumo mpya ambao nchi imeuingia unaita lisansi ile miaka mitatu ya mwanzo, na miwili inayofuata inaitwa masta. Burundi nayo ilipanga upya elimu yake ya juu kwa ngazi za miaka mitatu na miwili. Basi kijana anayesema ana lisansi ya sheria kama ya baba yake mdogo anaweza kuwa na miaka miwili pungufu, na hatalijua hilo mpaka mtu wa ofisi ya ulinganisho wa vyeti ahesabu miaka badala ya kusoma jina. Katika tafsiri zetu tumelazimika kuandika idadi ya miaka kila neno hilo linapotokea.

Kuhusu uwakili wa Kongo, sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 bado ndiyo nguzo: mwenye shahada huandikishwa kwanza kama mwanagenzi, na hukaa miaka miwili chini ya wakili kabla ya kuandikwa katika orodha kuu.

Tofauti ya koo mbili inaonekana pia kwa anayetaka kuwa jaji. Katika nchi zenye mapokeo ya Kibelgiji, kijana anaweza kuingia katika kazi ya ujaji mapema, akaajiriwa, akafundwa na kupanda ndani ya utumishi huo. Katika mapokeo ya Kiingereza, ujaji wa Mahakama Kuu ni kilele cha safari. Katiba ya Kenya, kwa mfano, inataka uzoefu usiopungua miaka kumi. Mwenye ndoto hiyo anafaa kulijua hili mapema, kwa kuwa miaka kumi si muda wa kugundua kwamba ulipanda basi lisilo lako.

Sasa turudi Kigali. Mwenye shahada ya nje anatakiwa kwanza kupata hati ya ulinganisho kutoka Baraza la Elimu ya Juu. Kisha kuna mafunzo ya vitendo katika taasisi ya ILPD iliyoko Nyanza, Jimbo la Kusini, na hatimaye Chama cha Mawakili cha Rwanda, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, ambacho ndicho kinachomwandikisha. Karatasi hizi huchukua muda lakini zinapatikana. Kigumu zaidi ni kile ambacho hakimo katika karatasi. Mhitimu wa nje anajua kesi za Dar es Salaam au Nairobi, na hajui sheria ya ardhi ya Rwanda, wala mwenendo wa mashauri wa hapa. Zaidi ya yote, hajui Kinyarwanda cha mahakamani, ambacho hata kwa mzawa si kile cha sokoni. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini shughuli za mahakama zetu zinaendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa Kinyarwanda. Katika jamii zetu za Biryogo na Rubavu wapo vijana wanaozungumza Kinyarwanda vizuri na hawajawahi kuandika kurasa tatu rasmi kwa lugha hiyo. Kwao, miaka minne ugenini huongeza pengo hilo.

Wengine hujibu kwamba soko la pamoja limeondoa mipaka. Itifaki ya soko hilo, iliyoanza kutumika Julai 2010, kweli inazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti vya elimu na taaluma. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo walitangulia kutia saini makubaliano ya kutambuana. Mawakili wamekuwa wakizungumza kwa miaka mingi, na ugumu wao unaeleweka: saruji haibadiliki ukivuka Rusumo, lakini sheria ya mirathi inabadilika. Mahali pamoja ambapo mpaka umekwisha kuondolewa ni Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Mkataba wa Jumuiya unamruhusu wakili mwenye haki ya kusimama mbele ya mahakama ya juu ya nchi yoyote mwanachama amwakilishe mteja hapo. Lakini hata huko, ni lazima kwanza awe wakili wa mahali fulani.

Kwa asiyetaka joho, mambo ni mepesi zaidi, na nadhani njia hizi hazipewi heshima zinayostahili. Chuo cha Uongozi wa Mahakama cha Lushoto, mkoani Tanga, kinatoa astashahada na stashahada za sheria zinazomwandaa mtu kwa kazi za ofisi za mahakama. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kinafundisha shahada ya sheria kwa anayefanya kazi huku akisoma. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Tanzania ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, watu wanaomsikiliza mjane au mpangaji muda mrefu kabla wakili hajaitwa. Shahada ya kigeni inamfaa pia anayekusudia kufanya kazi katika shirika la kimataifa, benki, forodha au mashirika ya haki za binadamu, ambako ulinganisho wa cheti unatosha na daftari la mawakili haliulizwi.

Tulimjibu binti wa Nyamirambo kwamba, kwa lengo alilolitaja, njia iliyonyooka ni kusoma shahada hapa Rwanda, kisha Nyanza, na kuitumia fursa ya mjomba au shangazi baadaye, kwa shahada ya pili, ambapo mwaka mmoja au miwili ya Dar es Salaam au Nairobi itamwongezea ujuzi bila kumwondoa katika mstari. Hayo ni maoni yetu, na baba yake anaweza kuona vingine. Iwapo wataamua aende, tumemshauri asilipe ada kabla ya kuwa na mambo matatu mkononi: ulinganisho wa cheti chake cha sekondari kutoka baraza la mitihani la nchi husika, ambalo ni NECTA kwa Tanzania, KNEC kwa Kenya na UNEB kwa Uganda, uthibitisho wa maandishi kwamba programu anayoiomba ina ithibati ya mamlaka ya elimu ya sheria na si ya chuo peke yake, na nakala ya masharti ya kuandikishwa uwakili, aisome mwenyewe mpaka kwenye majedwali ya mwisho.

Ametuuliza tena kama majedwali hayo yapo kwa Kiswahili. Ya Kenya yako kwa Kiingereza. Tumeahidi kumfasiria.